Kauli ya Mwenye Klabu na Majibu ya Mashabiki

Uhakiki katika shule zetu umezoea kushughulika na diwani za mashairi, riwaya na tamthilia. Mazoea hayo ni mema, wala hatukusudii kuyapinga. Lakini lugha ya taifa haikai vitabuni peke yake. Mwanafunzi ambaye hajafungua diwani tangu muhula uanze aweza kukutajia, neno kwa neno, kauli aliyoiandika jana usiku mwenye klabu anayoipenda. Ameisoma katika simu, ameijadili na wenzake njiani, na pengine ameijibu. Kauli hiyo ni maandishi. Ina mwandishi, ina wasomaji, ina mpangilio na ina shabaha. Kwa hiyo yafaa ihakikiwe kama maandishi mengine yanavyohakikiwa.

Katika makala haya tutazungumza juu ya kauli ambazo wenye klabu za kandanda huzitoa katika mitandao ya kijamii, na juu ya majibu wanayopewa na mashabiki. Mfano wetu mkuu tutautoa katika klabu ya Simba ya Dar es Salaam, kisha tutaulinganisha na mfano mmoja wa Ulaya unaojulikana sana kwa vijana wetu. Rai yetu ni hii: mwenye klabu anapotangaza uamuzi, maneno yale huwa ni ya watu wengi hata kama simu ni yake mwenyewe. Hana budi basi kuyapitisha kwanza pale ambapo maneno ya watu wengi hupitishwa.

Klabu na neno lake

Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Jina la Simba lenyewe lilichukuliwa mwaka 1971, baada ya klabu hiyo kuitwa Sunderland kwa miaka mingi. Zote mbili zilikulia Kariakoo, moja Mtaa wa Msimbazi na nyingine Jangwani. Kwa muda mrefu zilikuwa mali ya wanachama waliolipa ada na kubeba kadi. Walikuwapo matajiri waliotoa fedha za kusafirisha timu au kusajili wachezaji, nao wakaitwa wafadhili. Mfadhili aliheshimiwa, na mara nyingi matakwa yake yalisikilizwa kuliko ya wengine. Hata hivyo, neno la klabu lilitoka katika mkutano. Mkutano ulikuwa na mwenyekiti, ajenda, na katibu wa kuandika muhtasari. Aliyekasirika alisimama akasema, akapingwa, akakaa. Na mwisho likapatikana azimio.

Hatusemi kwamba mikutano ile ilikuwa ya upole. Historia ya klabu zetu imejaa migogoro, na mingine ilifika mahakamani. Tusemacho ni kwamba hasira ya mtu mmoja ilikuwa na njia ndefu ya kupita kabla haijawa kauli ya klabu. Katika njia hiyo ilipoa, au ilipata wa kuiunga mkono, au ilizimwa.

Mwishoni mwa mwaka 2017 wanachama wa Simba waliingia katika mabadiliko makubwa. Mfanyabiashara Mohammed Dewji, ambaye wengi humwita Mo, alitangazwa kuwa mshindi wa zabuni ya uwekezaji kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Kwa utaratibu uliowekwa na Serikali, mwekezaji katika klabu ya wanachama hapati zaidi ya asilimia 49 ya hisa; asilimia 51 hubaki kwa wanachama. Hesabu hiyo ndiyo ufunguo wa mjadala wetu. Mwenye asilimia 49 ana sauti kubwa, na hapana mwenye haki ya kumwambia anyamaze. Lakini katika kila neno lisemwalo kwa jina la klabu, sehemu iliyo kubwa zaidi ni ya watu ambao hawakuwapo simu iliposhikwa.

Kauli mbili za mtu mmoja

Tarehe 13 Januari 2020, Simba ilifungwa bao 1 kwa 0 na Mtibwa Sugar katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, Zanzibar. Baada ya mchezo huo Bwana Dewji, ambaye wakati huo alikuwa Mwenyekiti wa Bodi, aliandika ujumbe mfupi katika mtandao wa Twitter, ambao siku hizi unaitwa X. Ujumbe ule ulikuwa na mambo sita. Alisikitika kwamba Simba haikushinda. Alitaja mishahara ya karibu shilingi bilioni 4 kwa mwaka. Alitangaza kujiuzulu uenyekiti. Alisema atabaki kuwa mwekezaji. Aliweka kaulimbiu ya klabu, Nguvu Moja. Akaahidi kwamba nguvu zake sasa atazielekeza katika miundombinu na soka ya vijana.

Tuusome ujumbe huu kama tunavyosoma ubeti, kwa kutazama kipi kimekaa karibu na kipi.

Kwanza, sikitiko na fedha vimewekwa ubavu kwa ubavu. Msomaji haambiwi kwamba wachezaji wamekula fedha bure, lakini kwa kuwa mambo hayo mawili yamefuatana, hitimisho hilo hulitoa mwenyewe: fedha zimelipwa, kombe halikuja, basi aliyezipokea ana deni. Hakutajwa mchezaji hata mmoja kwa jina, ila kidole kimekwisha kunyoshwa, na shabiki mwenye hasira hahitaji zaidi ya hapo. Zaidi ya hayo, katika mambo yote sita mshindi hayumo. Mtibwa ni timu iliyozaliwa katika kiwanda cha sukari mkoani Morogoro, iliyopata kuwa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000. Nayo ilifanya mazoezi, nayo ililipa mishahara yake, nayo ilikuja Zanzibar kutafuta kombe. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kauli ya mwenye klabu baada ya kufungwa ingeanza kwa kumtaja aliyemfunga, na somo kwa vijana lingekuwa limekwisha kutolewa.

Pili, kaulimbiu ya Nguvu Moja imewekwa baada ya habari ya kujitenga. Kaulimbiu ni ahadi ya wote kwa wote. Anayeitaja huku akitoka mlangoni huifanya kuwa pambo. Hapa ujumbe unapingana wenyewe, nasi twaamini kwamba upinzani huo ulitoka katika moyo uliokuwa ukitaka mambo mawili kwa wakati mmoja: kuondoka na kubaki. Ndiyo sababu mwandishi ameacha cheo lakini ameshika hisa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kujiuzulu ni tendo lenye taratibu zake. Mwenyekiti hujiuzulu kwa bodi iliyo chini yake na kwa wanachama walio nyuma yake, kisha umma huarifiwa. Hapa wote walisoma kwa wakati mmoja: mjumbe wa bodi, mwanachama wa Tandika, mchezaji aliyekuwa bado na jasho, na mpenzi wa Yanga aliyekuwa akitafuta la kuchekea.

Matokeo yake yalionekana upesi. Haikupita muda mrefu kabla Bwana Dewji hajarudi kuwahakikishia wapenzi wa Simba kwamba yu pamoja nao, na kiti chake akaendelea kukikalia. Msimu huohuo Simba ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu, na juu yake Kombe la Shirikisho. Basi kauli ile ya Januari tuiite nini? Uongo haikuwa, kwa maana mwandishi wake hakukusudia kumdanganya mtu. Uamuzi nao haikuwa, kwa maana haikudumu. Ilikuwa ni uchungu uliovaa nguo za uamuzi.

Sasa tuitazame kauli ya pili. Mwishoni mwa Septemba 2021, Bwana Dewji alitangaza tena kuacha uenyekiti. Safari hii hapakuwa na kombe lililopotea usiku ule. Kiti hakikuachwa kitupu: kilipokewa na Salim Abdallah, ambaye alikuwa mjumbe wa bodi hiyohiyo. Kauli hii ilisimama, na Bwana Dewji hakurudi katika kiti hicho mpaka Juni 2024. Mtu ni yuleyule, klabu ni ileile, na tendo ni lilelile la kuacha cheo. Kilichobadilika ni njia ambayo neno lilipitia kabla ya kufika kwa umma. La kwanza lilitoka moja kwa moja katika uchungu. La pili lilitoka likiwa limekwisha kuandaliwa mahali pa kukaa. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi tofauti kati ya kusema na kutamka rasmi hatapata mfano ulio wazi kuliko huu.

Kauli ya moyo na kauli ya cheo

Wako watakaotupinga. Watasema kwamba ujumbe wa papo kwa papo una unyofu ambao matangazo ya maofisini hayana. Shabiki alipoona kwamba tajiri naye ameumia, alijua kwamba wanaumia pamoja. Watasema pia kwamba zamani mwanachama wa Kigoma au Mtwara alisikia habari za klabu yake baada ya siku nyingi, zikiwa zimetiwa chumvi vijiweni, na leo anazipata kutoka kinywani mwa mhusika.

Hoja hizi zina uzito, nasi hatuzikatai. Ndiyo maana twapendekeza kutofautisha kauli za namna mbili. Kuna kauli ya moyo: kupongeza, kutoa pole, kusikitika, kufurahi, kumtakia heri mgonjwa. Hii haihitaji muhtasari wala azimio, na mwenye klabu akiiandika usiku wa manane hapana lililoharibika. Tena kuna kauli ya cheo: kuajiri, kufukuza, kujiuzulu, kutaja mishahara, kumlaumu mwamuzi au mchezaji, kubadili jina au rangi. Hii ina wenyewe, na wenyewe ni wengi. Kosa la ujumbe wa Januari 2020 halikuwa kusikitika hadharani. Kosa lilikuwa kuzichanganya kauli hizi mbili, hata msomaji asijue mwisho wa huzuni ni wapi na mwanzo wa utawala ni wapi.

Mfano wa Ulaya watuonyesha upande wa pili wa jambo hili. Usiku wa tarehe 18 Aprili 2021, klabu 12 za Uingereza, Hispania na Italia zilitangaza katika tovuti zao kwamba zinaanzisha ligi yao ya pekee. Miongoni mwao zilikuwamo Manchester United, Liverpool, Arsenal na Chelsea, ambazo zina wapenzi wengi katika nchi yetu, na kwa sababu hiyo habari ile ilijadiliwa hapa kama habari ya nyumbani. Tangazo lilikuwa na lugha safi ya maofisini. Halikuandikwa kwa hasira hata kidogo. Lakini nalo halikupita kwa wenye neno, maana mashabiki hawakuulizwa. Mashabiki wa Chelsea walijaa barabarani nje ya uwanja wao tarehe 20 Aprili, na siku hiyohiyo klabu zote 6 za Uingereza zikatangaza kujitoa. Kesho yake John W. Henry, mmiliki mkuu wa Liverpool, alitokea katika video akiwaomba radhi mashabiki na kuichukua lawama juu yake mwenyewe. Manchester United haikusalimika kwa kujitoa: tarehe 2 Mei mashabiki waliingia katika uwanja wa Old Trafford kuipinga familia ya Glazer, na mchezo dhidi ya Liverpool ukaahirishwa.

Tukiyaweka mambo haya pamoja twaona kwamba haraka na hasira si chanzo pekee cha kauli mbaya. Ujumbe wa Dar es Salaam ulikuwa na moto, tangazo la Ulaya lilikuwa na baridi, na yote mawili yaliangushwa na upungufu mmoja. Mwenye mali alidhani kwamba kwa kuwa fedha ni zake, neno nalo ni lake.

Majibu ya mashabiki na kanuni za utani

Ingekuwa upungufu kumhakiki mwenye klabu na kumwacha shabiki. Majibu nayo ni maandishi, tena ni maandishi yenye ukoo mrefu katika utamaduni wetu. Waswahili ni watu wa kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu karne ya 19. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi ambamo mtu wa Tanga aliuliza na mtu wa Tabora akajibu. Shabiki anayemjibu mwenye klabu kwa maneno machache yenye ncha ni mjukuu wa kawaida hiyo, hata kama hajui.

Zaidi ya hayo, Simba na Yanga huitana watani wa jadi. Neno hilo si la mchezo. Utani katika makabila yetu ulikuwa ni mkataba. Wangoni na Wahehe walipigana vita, na vita vilipokwisha wakawa watani. Wanyamwezi na Wazaramo walikutana katika safari za biashara kutoka bara hadi pwani, nao wakawa watani. Mtani hufika msibani akafanya mzaha ambao mtu mwingine angefanya angepigwa. Lakini huyohuyo ndiye anayeshika jembe kaburini na kuwahudumia wafiwa. Kanuni za utani ni tatu. Watani ni sawa kwa sawa. Anayetania hukubali kutaniwa. Na anayetania huwapo kwa uso wake.

Tukiyapima majibu ya mashabiki kwa kanuni hizo tutajua lipi ni utani na lipi silo. Mpenzi wa Yanga anayeicheka Simba kwa kufungwa na timu ya miwa yumo ndani ya utani, kwa maana naye siku yake yaja na anajua. Mwanachama wa Simba anayemwambia mwekezaji, kwa heshima au kwa fumbo, kwamba mpira una kushinda, kushindwa na kutoka sare, yumo ndani ya haki yake. Lakini anayejificha nyuma ya jina la uongo na kumtukana mama wa mchezaji amevunja kanuni zote tatu kwa pamoja. Hayuko sawa na anayemtukana, kwa kuwa mchezaji hawezi kujibu. Hakubali kutukanwa yeye. Na uso wake haupo. Huyo si mtani. Baada ya fainali ya Ulaya ya Julai 2021, vijana watatu wa Uingereza, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, walitukanwa mitandaoni kwa rangi ya ngozi zao kwa sababu ya kukosa penalti. Tusidhani ugonjwa ule ni wa huko tu. Mbegu yake huota popote ambapo shabiki amefundishwa kwamba mchezaji ni mdaiwa.

Hapa ndipo sehemu mbili za makala yetu zinapokutana. Shabiki hujifunza lugha kwa yule aliye juu yake. Mwenye klabu akitaja mishahara katika saa ya kushindwa, shabiki ataitaja kwa sauti kubwa zaidi. Mwenye klabu akitangaza uamuzi kwa hasira, shabiki ataona hasira ndiyo namna ya kupenda klabu. Kwa upande mwingine, mwenye klabu naye si mtani wa mashabiki wake, kwa sababu hawako sawa kwa sawa. Mwanachama hawezi kumnunulia wachezaji, wala hawezi kujiuzulu kwake kukatikisa nchi. Mzaha wa aliye juu kwa aliye chini huitwa dharau, na hasira yake huitwa amri. Hivyo ndivyo lugha yetu ilivyo, nasi hatuoni sababu ya kuibadili kwa ajili ya simu.

Kazi ya shule

Twapendekeza kwamba walimu wa Kiswahili wasione haya kuleta kauli hizi darasani. Mwanafunzi apewe kauli moja ya mwenye klabu na aulizwe: Nani anasema, na kwa cheo gani? Kipi kimewekwa karibu na kipi? Nani ametajwa, na nani ameachwa? Sehemu ipi ni kauli ya moyo na ipi ni kauli ya cheo? Kisha apewe majibu kumi ya mashabiki ayapange: pole, rai, fumbo, kejeli na tusi. Halafu aiandike upya kauli ileile ya kushindwa, akianza kwa kumpongeza mshindi. Mwanafunzi aliyeweza kazi hiyo ameupata uhakiki, na siku atakapofungua diwani atajikuta na jicho lililokwisha kunolewa.

Kwa viongozi na wawekezaji wa klabu tuna neno moja tu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Katika zama zetu ulimi umehamia kidoleni, na mtu hujikwaa vyote viwili kwa mara moja. Fedha walizotoa ni msaada mkubwa kwa michezo ya nchi hii, na mwenye haki hawezi kuukana. Lakini asilimia 51 haikuwekwa katika utaratibu kwa ajili ya kugawana faida peke yake. Iliwekwa ili klabu, ambazo babu zetu walizianzisha kwa senti zao katika nchi iliyokuwa ikitawaliwa na wageni, zibaki na wenyewe. Nao wenyewe wana haki ya kusikia habari ya nyumba yao ndani ya nyumba, kabla jirani hajaisikia barazani.